Nusu ya Kitabu Rodi Kopany, Nusu Kehancha

Akufukuzaye hakwambii toka. Mkuu mpya wa kitivo chetu cha uhandisi hakuniambia nitoke. Aliingia tu ofisini kwangu siku ya Alhamisi na tepu ya kupimia, akapima ukuta hadi ukuta, akaandika namba kwenye kiganja, kisha akatabasamu. Chumba hicho kiko ghorofa ya chini ya chuo kimoja cha Nairobi, na ndicho hifadhi ya nyaraka za wahandisi na maisha ya wanafunzi wa uhandisi. Mimi, Wakesho, mzaliwa wa Voi, ndiye mhifadhi wake kwa mwaka wa kumi na tisa sasa.

"Bi Wakesho," akasema, "tunaletewa mashine inayochapa vitu vya plastiki, hata gia. Inahitaji chumba kisicho na vumbi."

"Basi hapa si pake," nikamjibu.

"Vumbi litaondoka na maboksi."

Nilimkumbusha kwamba maboksi hayo ni historia. Akaniuliza nani aliwahi kuisoma. Nikakohoa. Hapo akanipa sharti: nimwonyeshe kitu kimoja tu humu ndani ambacho mtu mzima atakisoma mpaka mwisho bila kulazimishwa. Siku ya mwisho ni Jumanne, saa nne asubuhi. Nikishindwa, maboksi yatahamia stoo ya viti vibovu, na mimi nitahamia popote panapohamia watu wa namna yangu.

Mchana ule nilipekua maboksi yote manne. Nilikuta madaftari ya wanafunzi waliokwenda kufanya mazoezi viwandani, kila ukurasa ukisema "leo nilimtazama fundi". Nilikuta rula za kukokotolea, na picha ya vijana arobaini wenye suruali pana ambao hakuna aliyekumbuka kuandika majina yao. Kisha, chini kabisa ya boksi la tatu, nikakuta jalada tupu. Lilikuwa jalada gumu la kitabu cha kumbukumbu za vikao, limeandikwa CHAMA CHA SPANA, na ndani hamkuwa na hata karatasi moja. Kulikuwa na maandishi ya wino tu: "Karatasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea ziko kwa Ogweno. Ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea ziko kwa Mwita. Wakipatana, zirudi humu. Mwenyekiti."

Nilikaa kwenye boksi nikacheka peke yangu. Ni wahandisi tu wanaoweza kugombania kitabu wakakigawanya hivyo, kwa haki kamili, kiasi kwamba kisimfae yeyote. Mwenyekiti mwenyewe alishafariki zamani, lakini mzee mmoja mstaafu wa karakana alikuwa na namba za hao wawili. Injinia Ogweno alikuwa Rodi Kopany, Homa Bay. Injinia Mwita alikuwa Kehancha, Migori. Nikawapigia.

"Njoo," akasema Ogweno. "Lakini kwangu usitaje huyo mwingine."

Mwita alinisikiliza mpaka mwisho. "Karatasi ziko," akasema. "Akizitaka, aje aombe mwenyewe."

"Nani, mimi?"

"Si wewe," akasema, akakata simu.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi la Migori nikiwa na jalada tupu kwenye mkoba, na glavu zangu nyeupe za kazi, ambazo abiria wa jirani alizitazama njia nzima hadi Narok, kisha akahama kiti. Rongo nilishuka nikabadilisha gari, nikaishika barabara ya Homa Bay. Nilifika Rodi Kopany sokoni akina mama wakikunja turubai za nyanya. Nyumba ya Ogweno haikunisumbua kuitafuta. Nilimuuliza mwenye boda boda, naye akasema, "Kwa Injinia? Ile yenye mifereji ya mvua mikubwa kuliko nyumba."

Langoni alinipokea mkewe, Mama Akinyi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alinikumbatia, akachukua mkoba, akatazama magharibi.

"Umechelewa dakika tano," akasema. "Jua limeingia. Sabato imeanza."

Sebuleni sanduku la bati lilikuwa palepale mbele ya macho yangu, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake Biblia na kitabu cha nyimbo. Ogweno alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinisalimu, akaliangalia sanduku, akamwangalia mkewe, kisha akaniuliza habari za mvua za Nairobi. Nilielewa. Katika nyumba ile, sanduku la kazi halifunguliwi Sabato, hata mkuu wa kitivo aje na tepu yake.

Jumamosi tulikwenda kanisani. Sisi Waanglikana tukikaa ibadani saa mbili tunataka kupewa cheti. Pale saa mbili zilikuwa utangulizi. Wageni waliitwa wasimame, nikasimama, nikaulizwa kazi yangu. Nikasema natunza makaratasi ya zamani ya wahandisi. Mzee wa kanisa akamshukuru Mungu kwa ajili ya dada huyu, na akaomba apate kazi. Chakula cha mchana kilikuwa samaki aliyepikwa Ijumaa, kikapashwa moto, na nakiri sijala samaki mtamu namna ile tangu nizaliwe. Jioni Mama Akinyi alichungulia dirishani, akasubiri, akasubiri tena, kisha akaondoa Biblia, kitabu cha nyimbo na kitambaa, vyote kwa mpangilio.

"Haya," akasema. "Sasa ni kazi."

Ndani ya sanduku kulikuwa na ovaroli yenye matundu ya cheche, na chini yake karatasi zilizofungwa kwa kamba ya kiatu. Nilivaa glavu. Ogweno alizicheka, lakini baadaye nilimwona akifuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa chochote. Chama kile, aliniambia, kiliandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: wahadhiri wa wakati ule walikuwa wageni, na vijana hawakutaka zisomwe. Nikaanza kusoma kwa sauti. "Ajenda ya tatu. Mwanachama anayepika mayai kwenye tanuri la kukaushia udongo wa maabara aache mara moja, au apike ya wote. Mjadala ulikuwa mkali. Ilikubaliwa kwamba" — na karatasi ikaishia hapo. Iliyofuata ilikuwa Kehancha.

"Ilikubaliwa nini?" akauliza Mama Akinyi.

"Apike ya wote," akasema Ogweno. "Nilikuwa mimi."

Tukaendelea hivyo, kila jambo likikatika palipo patamu. Siku ya maonyesho ya chuo, chama kilijenga daraja la mbao na chuma juu ya mtaro wa karakana, na hapo kumbukumbu zilisema: "Mgeni wa heshima alishuka mtaroni kabla ya wakati uliopangwa kwenye ratiba." Nilicheka mpaka nikavua miwani. Ogweno hakucheka. Alichukua karatasi ya mwisho mwenyewe, akanipa, akageuka kuangalia ukuta.

Ilikuwa kumbukumbu ya kikao cha mwisho cha chama, kilichoitishwa kutafuta nani alikosea hesabu za daraja lile. Ilisema katibu Ogweno hakuwepo, amelazwa na malaria. Naibu wake, Mwita, alimwachia mwenyekiti kalamu kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kusema. Mstari wa mwisho ulisomeka: "Ndipo Mwita akasimama, akasema kwamba kuhusu hesabu za daraja lililoanguka, Ogweno". Basi.

"Umeona?" akasema. "Mimi niko hospitali na homa, yeye anasimama kunitaja. Rafiki yangu. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. Nilipotoka nikasikia watu wanasema, 'Mwita alikutaja kikaoni,' nikamfuata kantini nikamwambia maneno mabaya mbele ya watu wote. Hakunijibu hata moja. Mwenyekiti akatugawia hii kitabu, akidhani itatulazimisha kuongea. Alidhani ni wiki moja."

"Na hukuwahi kwenda kusoma karatasi inayofuata?"

"Ya nini? Nikasome vile nilichomwa?"

Mama Akinyi alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. "Madam Karatasi," akaniambia, "huyu mtu amejenga barabara mpaka Turkana. Hakuogopa simba. Lakini karatasi moja ya Kehancha, ameiogopa tangu sijaolewa." Kisha akamgeukia mumewe. "Kesho utampeleka mgeni."

"Nitampeleka mpaka geti," akasema Ogweno. "Siingii."

Jumapili baada ya chai tuliondoka kwa pikapu yake ya zamani. Nilipiga hesabu kwamba tutafika kabla ya chakula cha mchana. Sikujua tabia ya dereva. Kila penye daraja au kalavati, Ogweno alisimamisha gari kando, akatoa tochi, akashuka mtoni kukagua nguzo kwa chini. Alirudi na matope magotini na hukumu fupi: "Hii ni nzuri," au, "Hii Mungu tu." Awendo nilinunua muwa, nilipomaliza kuutafuna tulikuwa bado Awendo. Mjini Migori, kwenye daraja la mto, alikaa chini kwa muda mrefu hadi watu wakaanza kukusanyika ukingoni kumtafuta aliyezama. Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo na ameshastaafu. Akasema tangu mgeni wa heshima aanguke, hajawahi kuvuka daraja bila kuliangalia kwanza. Hadi hapo nilikuwa nimejihurumia mimi tu na maboksi yangu.

Kehancha tulifika jua limeinama. Tulipita mjini katikati ya boda boda, tukaingia njia ya udongo yenye mashamba ya tumbaku pande zote mbili, mpaka boma lenye ng'ombe wengi na tangi la maji lililosimama wima sawasawa. Ogweno alilitazama tangi lile kwa shingo upande, akazima injini langoni, akashika usukani kwa mikono miwili, asishuke, kama alivyoapa.

Mwita alitoka. Ni mtu mrefu, mpana, mwenye kofia, alikuwa bado na suti ya misa. Alinipa mkono na kunikaribisha vizuri, huku macho yake yakipita juu ya bega langu.

"Hiyo gari iko na mtu?"

"Iko na dereva," nikasema.

Alitembea polepole hadi langoni, akainama dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. "Mura," akasema, neno wanaloitana vijana wa Kikuria, na wote wawili wana miaka zaidi ya sabini, "umesimamisha gari kwa njia ya ng'ombe. Ingia ama utoke, wanataka kunywa maji."

Ogweno akaingia. Kwa ajili ya ng'ombe, alisisitiza baadaye.

Ndani tulipewa ugali wa wimbi na maziwa ya mgando. Nilisifu maziwa mara mbili. Kisha Mwita akaweka kikombe chini na kusubiri, na nikaona kwamba kila kitu kilichonileta, chumba, maboksi, miaka kumi na tisa, kinategemea mzee mmoja kufungua mdomo. Ogweno alisimama. Alifunga kifungo cha koti.

"Naomba karatasi," akasema.

Mwita aliingia chumbani. Hakukawia, maana yake hazikuwa mbali. Zilikuwa kwenye nailoni safi, zimenyooshwa. Walinipa mimi nisome kwa kuwa sina upande. Nilizitoa za Ogweno mkobani, nikazipanga zote meza nzima, moja ya Ogweno, moja ya Mwita, nikaziingiza katika jalada, na kitabu kikanenepa mikononi mwangu. Nikafungua kikao cha mwisho. Nikasoma ule mstari wa Rodi Kopany, kisha nikageuza.

"...hana kosa lolote. Mwita akasema hesabu zilikuwa zake, na kwamba Ogweno alinakili tu kwa mwandiko wake mzuri. Akaomba wanachama wasimwambie mgonjwa, kwa sababu atakataa na homa itampanda. Wanachama walikubali kwa kauli moja. Iliamuliwa jina la Mwita liondolewe kwenye nafasi ya chama ya mafunzo ya ng'ambo, na nafasi hiyo apewe Ogweno."

Chini yake ilibandikwa karatasi ya hesabu zenyewe, kwa penseli. Ogweno aliivuta karibu. Alitoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaanza kuzipitia mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alifika mahali akasimama.

"Mzigo," akasoma. "Mgeni wa heshima, mtu mmoja." Alivua miwani. "Mtu mmoja! Niliweka mtu mmoja. Kenya hii mkubwa gani anatembea peke yake? Kulikuwa na mlinzi, mpiga picha, mwenye kubeba fimbo, mwenyekiti wa kaunti..."

"Na bibi wawili wa kwaya," akasema Mwita.

"Hii si yako. Hii ni yangu. Nilipiga hizi hesabu peke yangu, halafu nilikwenda na zile lawama zote nikakutupia wewe."

"Najua. Nilijua siku ileile, nikimtoa mgeni mtaroni."

"Na uliniacha nikutukane kantini?"

"Ulinitukana vibaya. Nikasema, akitaka kujua ukweli, aje aombe karatasi." Mwita aliangalia mikono yake. "Sikujua utakaa hivyo."

Nilidhani yameisha. Kumbe ni wahandisi. Ogweno alinyanyuka, akatangaza kwamba kumbukumbu za kikao kile hazijawahi kuthibitishwa, kwa sababu kikao kilichopaswa kufuata hakikukaa. Kwa hiyo kikao kiko wazi mpaka leo, na yeye kama katibu anaitisha kinachofuata, hapa, sasa. Mwita akapinga kwamba akidi ni watu watatu. Wote wawili wakanigeukia. Nililetewa spana namba kumi na saba, nikaiinua juu, nikala kiapo cha Chama cha Spana na kuwa mwanachama, mtu ambaye hajawahi hata kubadilisha balbu.

"Marekebisho," akasema Ogweno. "Palipoandikwa Mwita, pasomeke Ogweno. Na iandikwe kwamba nafasi ya ng'ambo niliyokwenda haikuwa yangu."

"Nakataa," akasema Mwita.

Ikawa kura moja dhidi ya moja, nami nikiwa wa tatu. Sijawahi kubanwa hivyo. Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia watu kwamba nyaraka hazibadilishwi. Lakini kikao kina haki ya kurekebisha kumbukumbu zake, na ukweli ulikuwa upande wa Ogweno. Nilianza kuinua mkono.

"Ngoja," akasema Mwita. Hakuniangalia mimi. "Ogweno, wakati ule sikuwa na kitu. Hata viatu vya kuingia karakana ulinipa wewe. Hii ndiyo kitu moja nilikuwa nimekupa maisha yote. Sasa unataka kunirudishia?"

Mimi nililia, wala sioni haya kulisema. Ogweno alikaa. Alitafuta kalamu mfukoni ingawa alikuwa nayo mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba marekebisho yameondolewa, kumbukumbu zithibitishwe kama zilivyosomwa. Zikathibitishwa kwa kauli moja. Ajenda ya mwisho ya kikao chochote ni neno la shukrani, na mtoaji alijulikana bila kuulizwa. Alisimama tena, akasema, "Erokamano, Mwita," yaani ahsante kwa Kijaluo, akakaa. Mimi nilikuwa nimekabidhiwa kalamu. Niliandika: "Ogweno alitoa neno la shukrani. Lilikuwa fupi."

Jumatatu asubuhi nilipanda basi la Nairobi mjini Migori, kitabu kizima mapajani, fomu ya kukikabidhi ikiwa na sahihi mbili. Ogweno hakurudi kwake siku hiyo. Nilipoondoka walikuwa wanabishana juu ya visima alivyochimba Mwita.

Jumanne saa nne kamili mkuu wa kitivo aliingia na mafundi wawili wa ile mashine. Nilimpa glavu na kitabu. Alisoma amesimama. Kwenye mayai alicheka. Kwenye mgeni wa heshima alikaa juu ya boksi la pili, suti na vumbi. Alifika kwenye karatasi ya mwisho ya Rodi Kopany, akageuza, akaendelea kusoma polepole mpaka kwenye mwandiko wangu wa Kehancha. Kisha akabaki amekaa. Fundi mmoja akamuuliza waanze kupima wapi.

"Pimeni ofisi yangu," akasema.

Kwa hiyo chumba kipo, na vumbi lake. Nimejifunza kwamba kazi yangu nilikuwa naifanya nusu. Nilidhani kutunza nyaraka ni kuzifunga vizuri zisiguswe, kumbe zile za Ogweno na Mwita zilitunzwa vizuri mno, zikala miaka yao. Sasa nimetoa ile picha ya vijana arobaini kwenye boksi na ninawatafuta, mmoja mmoja, maadamu bado kuna wa kuuliza.

Wiki iliyopita simu iliita. Alikuwa Mwita. "Katibu," akasema, maana wameshanivua cheo cha mgeni, "tumekaa hapa na Ogweno tukakumbuka kitu. Kumbukumbu za kile kikao chetu nazo hazijathibitishwa. Lazima tukutane tena. Panga tarehe wewe, lakini usipange mbali. Sisi umri wetu hauruhusu kikao kiahirishwe tena."